Ivan Aivazovsky, Mchoraji wa Bahari Aliyeupa Mji Wake Maji

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na watu waliovumbua nchi. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye silaha yake ilikuwa brashi ya rangi. Alizaliwa katika mji mdogo wa bandari, akaondoka akiwa kijana kwenda kusoma mbali, akasifiwa na wafalme, kisha akarudi kukaa kwao mpaka siku ya kufa kwake. Jina lake ni Ivan Aivazovsky. Alizaliwa mwaka 1817 akafa mwaka 1900, na wajuzi wa sanaa humhesabu miongoni mwa wachoraji wakubwa wa bahari waliopata kuwako duniani.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Sisi wa darasa la mwisho huzungumza mara nyingi juu ya swali hili: mtu akiisha kusoma, ana deni gani kwao? Mwenzangu mmoja hushikilia kwamba mwenye akili akirudi kukaa katika mji mdogo amejizika mzima, kama taa iliyowekwa chini ya pishi. Mwingine husema kwamba asiyerudi ni mwizi. Niliposoma maisha ya Aivazovsky nikaona kwamba mtu huyu alilijibu swali hilo kwa matendo, tena kwa njia ambayo wenzangu wote wawili hawakuifikiri.

Kwanza niseme habari za mji wenyewe, maana bila mji huo hatutamwelewa mtu huyu. Feodosia uko kwenye pwani ya mashariki ya rasi ya Krimea, ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Ni mji wa kale sana. Wayunani waliuanzisha katika karne ya sita kabla ya Kristo. Baadaye sana, katika karne ya 13, wafanya biashara wa Genoa, mji mmoja wa Italia, walifanya makao yao hapo, wakauita Caffa, wakajenga ngome yenye kuta na minara ambayo mingine imesimama hata leo. Caffa ikatajirika kwa nafaka, chumvi, samaki, na pia kwa watu. Soko lake la watumwa lilikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya Bahari Nyeusi. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tuliosikia habari za Kilwa, Zanzibar na Bagamoyo, hatuhitaji kuelezwa mengi juu ya jambo hilo. Bandari nzuri machoni huweza kuwa mlango wa machozi.

Mwaka 1475 Waturuki wa dola ya Osmani waliuteka mji huo, na mwaka 1783 Krimea yote ikaingia katika dola ya Urusi. Rasi hiyo imeendelea kugombewa mpaka siku zetu. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa kwa nguvu, lakini nchi nyingi za ulimwengu huihesabu kuwa sehemu ya Ukraine. Lakini Aivazovsky alipozaliwa, utukufu wa Caffa ulikuwa umekwisha kupita. Feodosia ulikuwa mji mdogo wenye magofu mengi, na tauni iliyoingia mwaka 1812 ilikuwa imewaharibia biashara watu wengi, baba yake akiwa mmoja wao.

Wazazi wake walikuwa Waarmenia, na alipobatizwa katika kanisa la Kiarmenia la Mtakatifu Sarkis aliandikwa kwa jina la Hovhannes. Baba yake alikuwa mfanya biashara aliyefilisika, na mama yake alikuwa hodari wa kutarizi nguo. Nyumba yao ilikuwa mahali pa juu, na kutoka hapo mtoto aliweza kuona ghuba nzima: maji, merikebu zilizotia nanga, na minara ya Wagenoa. Yasemekana kwamba kwa kukosa karatasi na rangi alitwaa makaa akachora merikebu juu ya kuta nyeupe za nyumba za watu. Kwetu mtoto wa namna hiyo angepigwa fimbo, na sina hakika kama yeye alisalimika. Lakini msanifu wa majengo mmoja wa mji ule aliona kwamba mkono wa mtoto haukuwa wa kawaida, akamfundisha misingi ya kuchora. Kisha habari zake zikafika kwa mkuu wa mji, Alexander Kaznacheev.

Mzee huyu Kaznacheev anastahili kukumbukwa. Alipopandishwa cheo na kuhamia Simferopol, mji mkuu wa jimbo, alimchukua kijana akamtia katika shule ya sekondari ya huko. Na mwaka 1833, kwa msaada wa watu kama yeye, Aivazovsky akiwa na umri wa miaka 16 aliingia katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme huko St. Petersburg, makao makuu ya dola, na gharama zake zikalipwa na serikali. Wengi wetu tunaosomeshwa kwa fedha za misioni au za ukoo tunaijua hali hiyo: kula mkate ambao mwingine ameulipia, na kujua kwamba kuna macho yanayokutazama kutoka nyumbani.

Chuoni alifanya vizuri, lakini hakukosa majaribu. Mfaransa mmoja aliyekuwa bingwa wa picha za bahari, Philippe Tanneur, aliitwa St. Petersburg, na kijana akawekwa kuwa msaidizi wake. Tanneur alimtumikisha katika kusaga na kuchanganya rangi, wala hakumpa nafasi ya kuonyesha kazi zake mwenyewe. Mwaka 1836 mkuu wa chuo alimtia moyo atoe picha zake katika maonyesho, naye akazitoa. Tanneur akakasirika, akaenda kushitaki kwa Kaisari Nicholas I, na Kaisari akaamuru picha za kijana ziondolewe ukutani. Hebu fikirini: mwanafunzi wa miaka 19, mtoto wa maskini kutoka pembeni mwa dola, amekasirikiwa na Kaisari mwenyewe! Mwenye moyo mwepesi angefunga mizigo yake. Yeye aliendelea kufanya kazi kimya kimya, walimu wake wakamwombea msamaha, na baadaye Kaisari akamsamehe. Mwaka 1837 alipata nishani kubwa ya dhahabu ya chuo, akaruhusiwa kumaliza masomo miaka miwili kabla ya wakati.

Hapo ndipo chuo kilipomtuma kurudi Krimea, mwaka 1838, achore mandhari ya miji ya pwani. Inafaa kueleza kazi hiyo ilikuwa na maana gani siku zile. Ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulikuwa haujatangazwa ulimwenguni; ulitangazwa mwaka 1839, na kwa miaka mingi baadaye kamera hazikuweza kushika mawimbi yanayokwenda. Kwa hiyo mfalme aliyetaka kuiona bandari yake, au jemadari wa manowari aliyetaka kukumbuka sura ya ngome, alimtegemea mchoraji. Mchoraji wa pwani alitakiwa awe mkweli kwa vitu viwili visivyopatana. Mji hausogei, basi kila mnara na kila gati lazima viwe mahali pake, la sivyo nahodha atacheka. Bahari haikai, basi asiyejua kuchora kitu kinachosogea ataichora kama shuka lililotandikwa.

Aivazovsky alichora Yalta, alichora Sevastopol, alichora Feodosia. Katika picha zake za Feodosia mara nyingi tunaona ghuba ikijikunja kama mundu, vilima vya rangi ya vumbi, minara ya kale, jahazi na mashua, na watu wadogo wadogo ufukweni. Kinachotawala ni mwanga: wa jua linalochomoza, au wa mwezi uliotandika njia ya fedha juu ya maji. Nimeziona picha hizo katika vitabu tu, ambamo rangi haziwezi kuwa sawa na zile zenyewe. Walakini hata humo kitabuni mtu hujiona amesimama ufukweni, na upepo unamjia usoni.

Mwaka 1840 chuo kilimpeleka Italia. Alikaa Venice, Roma na Naples, akafanya kazi kwa bidii iliyowashangaza wenzake. Papa Gregory XVI aliipenda picha yake moja iitwayo Machafuko, yenye kuonyesha giza na maji ya mwanzo wa uumbaji. Huko Paris alipewa nishani ya dhahabu. Alisafiri Uholanzi, Uingereza, Hispania, Ureno na Malta. Yasemekana kwamba katika Ghuba ya Biscay merikebu yake ilipatwa na tufani kubwa hata magazeti ya Ulaya yakatangaza kwamba amekufa maji. Aliokoka, na wimbi lile likabaki kichwani mwake.

Alipata pia njia yake mwenyewe ya kuchora, ambayo ilibishaniwa na wengi. Wachoraji wengi walifundishwa kwamba lazima mtu akae mbele ya kitu akichore kama kilivyo. Yeye alisema kuwa jambo hilo haliwezekani kwa bahari, kwa kuwa wimbi halimngoji mtu, wala radi haisimami ipakwe rangi. Mchoraji hana budi kutazama sana, kushika moyoni, na kuandika alama chache za kalamu ya risasi katika daftari. Kisha aende chumbani kwake akaikumbuke bahari yote. Alianza na mbingu, akaimaliza kwa mfululizo bila kupumzika. Kisha akayatia maji rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, hata wimbi likawa kama kioo kinachopenywa na jua. Baadaye, alipojenga nyumba ukingoni mwa bahari, chumba chake cha kazi kilikuwa na kuta tupu, na dirisha lake halikutazama bahari. Mtu aliyekaa hatua chache kutoka majini aliyapa maji kisogo ili ayaone vizuri zaidi.

Aliporudi Urusi mwaka 1844 alipokewa kwa heshima kuu. Alipewa cheo cha mchoraji wa makao makuu ya jeshi la majini, pamoja na haki ya kuvaa sare yake, akaagizwa kuchora bandari za Bahari ya Baltiki: Kronstadt, Reval ambayo leo huitwa Tallinn, Sveaborg iliyo mbele ya Helsinki, na nyinginezo. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Matajiri wa St. Petersburg walikuwa wakimgombea. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake: akae karibu na jumba la Kaisari, achore kwa kuagizwa, atajirike.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza marafiki zake. Mwaka 1845, baada ya safari ya kuzunguka pwani za Uturuki, aliomba ruhusa akae Feodosia, akaanza kujenga nyumba yake ufukweni. Walimwambia kwamba atasahauliwa. Lakini mwaka uliofuata, alipotimiza miaka 10 ya kazi yake, wenyeji wa Feodosia waliona kitu ambacho hawajapata kukiona: manowari sita za kikosi cha Bahari Nyeusi zikiongozwa na Kornilov zilikuja zikatia nanga ghubani kumpa heshima mtoto wa mfanya biashara aliyefilisika.

Mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 33, alichora picha yake mashuhuri kuliko zote, iitwayo Wimbi la Tisa. Mabaharia wa zamani waliamini kwamba katika tufani mawimbi huja kwa safu, na la tisa ndilo linaloua. Picha ni kubwa, upana wake zaidi ya meta 3 na kimo chake zaidi ya meta 2. Usiku wa tufani umekwisha, merikebu imezama, na watu wachache wameng'ang'ania kipande cha mlingoti kilicholala kama msalaba. Wimbi kuu linainuka juu yao. Lakini nyuma ya wimbi jua linachomoza, na bahari yote imegeuka kuwa ya dhahabu na kijani. Mtazamaji hajui kama wataokoka, naye mchoraji hakusema. Picha hiyo imo katika Jumba la Makumbusho la Urusi huko St. Petersburg.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Mwaka 1848 alimwoa Mwingereza, Julia Graves, wakazaa mabinti wanne. Lakini mama huyo hakuupenda mji mdogo, wakatengana, na ndoa ikavunjwa mwaka 1877. Mwaka 1882 alimwoa mjane wa Kiarmenia, Anna, aliyekaa naye mpaka mwisho. Vita vya Krimea vilipozuka aliingia Sevastopol iliyozingirwa, akachora hata alipoamriwa na Kornilov aondoke kwa usalama wake. Mwaka 1869 alikwenda Misri kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, mfereji ule ule uliofupisha njia ya meli kutoka Ulaya hadi pwani yetu ya Mombasa na Zanzibar. Mwaka 1892, akiwa mzee wa miaka 75, alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani, akaonyesha picha zake huko na kuyatazama maporomoko ya Niagara. Na Waarmenia wenzake walipouawa kwa maelfu katika dola ya Osmani kati ya miaka 1894 na 1896, alichora mauaji hayo. Yasemekana pia kwamba alizitupa baharini nishani alizopewa zamani na Sultani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Feodosia, mji uliozungukwa na maji upande mmoja, ulikuwa na kiu. Visima na mifereji ya zamani haikutosha tena. Watu waliamka asubuhi wakaona mbele yao maji yasiyo na mwisho, wasipate ya kunywa. Picha za mandhari hazionyeshi kiu. Ukizitazama zile za Aivazovsky utaona mwezi, jahazi, minara, wala hutaona mama aliyesimama na ndoo kwenye kisima kilichokauka. Yeye mwenyewe aliwaona. Alikuwa ameishi hapo zaidi ya miaka 40 tangu arudi.

Katika shamba lake la Subash, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, palikuwa na chemchemi ya maji mazuri. Mwaka 1887 aliwaandikia wakuu wa mji kwamba hawezi kuendelea kutazama watu wa kwao wakiteseka mwaka hata mwaka kwa kukosa maji, na kwamba anawapa kuwa mali yao ya milele ndoo 50,000 kila siku kutoka katika chemchemi ile. Ndoo ya Kirusi ya siku zile ilichukua litre 12 na zaidi kidogo. Fanyeni hesabu, wanafunzi wa darasa la kwanza: ni litre zaidi ya 600,000, au madebe yetu zaidi ya 30,000, siku kwa siku. Bomba likalazwa, na mwaka 1888 maji yakafika. Mjini ikajengwa chemchemi nzuri ya mawe, ambayo aliichora ramani yake mwenyewe na kuilipia, na inasimuliwa kwamba pakawekwa kikombe cha fedha ili mpita njia anywe na kumtakia mema mzee.

Mtu aliyejulikana duniani kote kwa kuchora maji yasiyonyweka, sifa yake mtaani kwao ikawa ni maji ya kunywa.

Wala hayo si yote. Mwaka 1865 alifungua shule ya uchoraji mjini humo, vijana wa pwani wasilazimike kutembea umbali aliotembea yeye. Mwaka 1871 alijengesha jumba la makumbusho ya vitu vya kale, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amechimbua makaburi ya kale nje ya mji. Mwaka 1880 alifungua jumba la picha ndani ya nyumba yake, likawa mojawapo ya majumba ya kwanza ya namna hiyo katika dola ya Urusi nje ya miji mikuu. Alisumbua maofisa kwa barua miaka mingi mpaka reli ikaletwa Feodosia mwaka 1892 na bandari ikajengwa upya. Reli hiyo ilipita ukingoni kabisa mwa maji, kati ya nyumba yake na bahari aliyoipenda. Mtu apendaye mandhari tu angelia kwa ajili ya ufuko ule. Mzee alichora picha ya garimoshi la kwanza likiingia.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa tajiri, mwenye mashamba makubwa, aliyejua kukaa vizuri na wakubwa. Reli na bandari ziliwafaa wenye mali kama yeye pia. Alichora picha zinazokadiriwa kufika 6,000, na kwa wingi huo haikosi nyingine kufanana kama ndugu mapacha. Katika uzee wake wachoraji vijana walimwona kuwa mtu wa zamani anayerudia mawimbi yale yale. Labda walisema kweli. Lakini nauliza: miongoni mwa waliomcheka, ni wangapi walioacha nyuma yao bomba la maji?

Aliendelea kufanya kazi mpaka siku ya mwisho. Tarehe 2 Mei 1900, kwa kalenda yetu ya leo, alikufa ghafula akiwa na umri wa miaka 82. Juu ya kiegemeo chake cha kuchorea ilibaki picha ambayo hakuimaliza, ya merikebu inayolipuka. Alizikwa katika ua wa kanisa lile lile la Mtakatifu Sarkis alimobatizwa. Jumba la picha, pamoja na vyote vilivyokuwamo, aliuachia mji wa Feodosia uwe mali yake, na mpaka siku zetu jumba hilo lina kazi zake zaidi ya 400. Mwaka 1930 sanamu yake iliwekwa mbele ya nyumba: ameketi na kibao chake cha rangi mkononi, anaitazama bahari.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni mkatawanyika katika kazi mbalimbali, nirudie swali la darasa letu. Mwenzangu wa kwanza alisema mwenye akili akirudi kwao amejizika. Aivazovsky hakujizika, maana alikwenda Roma, Paris, Misri na Marekani, na kila mara akarudi. Mji mdogo ulikuwa nanga yake, haukuwa kaburi lake. Mwenzangu wa pili alisema asiyerudi ni mwizi. Lakini kurudi peke yake hakutoshi. Wako watu waliorudi wakajenga nyumba nzuri yenye dirisha linalotazama bonde, wakakaa wakilitazama. Aivazovsky naye alijenga nyumba nzuri, na kama angeishia hapo, tungekuwa na picha zake, na Feodosia ungekaa na kiu yake.

Mimi naona fundisho liko katika macho yake. Macho yale yale yaliyojifunza kutazama wimbi mpaka akaweza kulikumbuka, ndiyo yaliyotazama ndoo tupu mpaka akashindwa kuvumilia. Elimu ilimfundisha kutazama, naye hakuchagua kutazama vizuri tu. Kila mmoja wetu ana kwao mahali anapopapenda, kilima, mto, au ukingo wa ziwa, ambapo akisimama jioni moyo humjaa. Tukirudi likizo hii, tusimame hapo tupatazame, maana ni haki yetu. Kisha tugeuke nyuma, tuangalie ni nani anayepanda njia na debe kichwani, na anatoka umbali gani.